Wema Hauozi: Maisha ya Charles Tellier, Baba wa Baridi

Siku za ujana wangu nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo katika bandari ya Kilindini. Kazi yetu ilikuwa kusimama kando ya meli na daftari mkononi, jua la saa sita likitupiga utosini, huku makuli wakipakua magunia na masanduku. Nakumbuka siku moja ilifunguliwa ngama ya meli iliyoleta samaki waliogandishwa. Ukatoka ukungu mweupe wa baridi, ukatambaa juu ya gati mithili ya moshi wa ubani, nasi sote tukasogea karibu tupate kuburudika. Mzee mmoja katika makuli, ambaye wote tulimwita Baba kwa umri wake na kwa swala zake zisizopitwa na wakati, akaniuliza ni nani aliyemfundisha binadamu hila hiyo ya kuuchukua msimu wa kipupwe akautia ndani ya meli. Mimi niliyejiona msomi niliona haya, kwani sikuwa na jibu.

Haikupita miezi mingi ikafunguliwa ngama nyingine, ya meli nyingine. Safari hii haukutoka ukungu. Ilitoka harufu, na harufu ile ingali puani mwangu hata leo. Mtambo wa baridi ulikuwa umekufa njiani, na samaki wote walikuwa wameoza. Mfanyabiashara mmoja wa mji wetu alikuwa ametia karibu mali yake yote katika shehena ile. Wenye meli wakawatupia lawama wapakiaji, wapakiaji wakawarudishia wenye meli, na maskini yule akaketi juu ya nguzo ya kufungia kamba, kichwa ameinamisha, hasemi neno. Siku hiyo nilifahamu kuwa baridi ya baharini ni zaidi ya starehe. Ni amana. Mtu hukukabidhi chakula chake upande mmoja wa dunia, nawe yakupasa umrudishie kama kilivyokuwa upande wa pili.

Jibu la swali la Baba nilikuja kulipata baada ya miaka mingi, katika kusoma kwangu huku na huku. Kwa kweli walioifanya kazi hiyo ni wengi, wa mataifa mbalimbali. Lakini mmoja wao maisha yake yamenikaa moyoni kuliko ya wengine wote. Ni Mfaransa, jina lake Charles Tellier. Baba ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, nami deni lake sikulilipa akiwa hai. Kwa hivyo leo nalilipa kwako wewe, msomaji.

CHUMVI NA JUA

Kwanza tukumbuke dunia ilivyokuwa. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa mambo ya kuhifadhi kitoweo. Ng'onda na papa wa kukausha tumewajua tangu enzi za mababu. Majahazi yaliyoteremka na kaskazi kutoka Uarabuni yalileta tende na samaki wa chumvi, nayo yakarudi na kusi yamebeba boriti na nafaka. Hapakuwa na jahazi lililothubutu kubeba nyama mbichi kwa safari ya mwezi mzima. Aliyetaka nyama baharini alipakia mbuzi hai, akamchinja siku ya haja.

Na dunia nzima ilikuwa hivyo hivyo. Katikati ya karne ya 19 miji ya Ulaya ilikuwa imejaa watu wa viwandani ambao nyama kwao ilikuwa adimu na ghali. Wakati huo huo, katika mbuga za Ajentina na Urugwai, ng'ombe na kondoo walikuwa wengi hata thamani yao ikawa ni ngozi, sufu na shahamu tu. Nyama nyingine ilitiwa chumvi, ikakaushwa, ikapelekwa Brazili na Kuba kulishwa watumwa. Nyingine ilitupwa. Katika mji wa Fray Bentos huko Urugwai, tangu miaka ya 1860, ilikuwako shughuli ya kuchemsha nyama nyingi mno ili kupata mchuzi mzito mchache wa kutia mikebeni. Upande huu wa bahari watu wana njaa ya nyama, na upande ule nyama inaliwa na mwewe. Kati yao kuna bahari ya Atlantiki, na katika bahari hiyo ni lazima meli ipite ukanda wa joto, ambako nyama mbichi haimalizi siku tatu.

MWANA WA AMIENS

Charles Tellier alizaliwa katika mji wa Amiens, kaskazini ya Ufaransa, tarehe 29 Juni 1828. Baba yake alikuwa mtu wa viwanda vya kusokota nyuzi, na kijana alikulia Condé-sur-Noireau, mji mdogo wa Normandy uliojaa mashine za kazi hiyo. Kwa hivyo sauti ya mitambo aliizoea tangu utotoni, kama watoto wetu wanavyozoea sauti ya mawimbi.

Alipokuwa mtu mzima alikwenda Paris kujaribu bahati yake. Alikuwa mtu wa fikira nyingi, leo ana mpango huu, kesho ana mpango ule. Yasemekana kwamba Baron Haussmann, yule gavana aliyeubomoa mji wa Paris na kuujenga upya, ndiye aliyemshauri atafute njia ya kutengeneza baridi, kwa kuwa joto watu walikwisha jua kulitengeneza, lakini baridi bado. Iwe ni kweli au ni hadithi tu, Tellier alilishika jambo hilo akawa hakuliacha tena mpaka kufa kwake.

MTUNGI NA MTAMBO

Huenda msomaji akauliza, baridi hutengenezwaje? Jibu analo nyumbani. Mtungi wa udongo ukitiwa maji jioni, asubuhi maji huwa baridi. Sababu ni kuwa mtungi hutoa jasho, na jasho hilo likikaukia hewani huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Au jipake marashi mkononi kisha upulize, utahisi baridi. Kila kitu cha majimaji kinapogeuka kuwa mvuke huiba joto la kilicho karibu nacho.

Tellier alichofanya ni kumpata mwizi mwenye nguvu kuliko maji. Alitumia etha ya methili, ambayo huchemka katika baridi ya digrii kama 24 chini ya sufuri. Ikiachiwa ndani ya mabomba hugeuka mvuke papo hapo, na katika kugeuka huko huyafanya mabomba kuwa baridi kupita kiasi. Kisha pampu inayoendeshwa kwa nguvu ya moshi huuvuta mvuke ule, huubana, nao ukipozwa kwa maji hurudi kuwa majimaji tena, tayari kwa duru nyingine. Ni mtungi usiokauka, tuseme, mtungi unaokunywa jasho lake wenyewe. Ubaya wake ni kuwa etha hiyo hushika moto upesi, na aliyekaa nayo ndani ya meli yenye tanuri alihitaji moyo.

Hakuwa peke yake katika kazi hiyo. Huko Australia alikuwako James Harrison, mwandishi wa gazeti kama sisi, aliyegundua habari ya baridi akitumia etha, akatengeneza barafu tangu miaka ya 1850. Mnamo mwaka wa 1873 alipakia nyama iliyogandishwa katika meli iliyoitwa Norfolk kuelekea London. Nyama ikaharibika njiani, na mali yake ikaenda nayo. Alikuwako pia Mfaransa mwingine, Ferdinand Carré, aliyetumia amonia. Wote walikuwa wakipanda mlima mmoja kwa njia mbalimbali.

Mitambo ya Tellier ilipata wanunuzi. Mmoja wao alikuwa kiwanda cha chokoleti cha Menier, kilichokuwako Noisiel karibu na Paris. Laiti angeridhika na hayo angeishi kwa raha, akauza mitambo kwa wenye chokoleti na wenye viwanda vya vinywaji. Lakini yeye moyo wake ulikuwa baharini. Alikuwa amekutana na bwana mmoja wa Urugwai, Francisco Lecocq, aliyekuja Ulaya akitafuta mtu wa kuivusha nyama ya nchi yake. Mnamo mwaka wa 1868 walitia mtambo mdogo na nyama kidogo katika meli iliyoitwa City of Rio de Janeiro, wakaipeleka kutoka London kuelekea Montevideo. Mtambo ukavunjika njiani.

Baadaye kidogo, mwaka wa 1870, vilizuka vita vya Wafaransa na Waprusia, na Paris ikazingirwa hata watu wakala farasi na panya. Hapo bila shaka kila mtu wa mji ule alifahamu thamani ya ghala lenye kuhifadhi nyama.

SAFARI YA LE FRIGORIFIQUE

Tellier alikuwa na kiwanda chake Auteuil, upande wa magharibi wa Paris. Humo alining'iniza nyama katika vyumba vyenye baridi ya digrii sufuri, au chini yake kidogo, akaziacha kwa majuma mengi. Mwaka wa 1874 wataalamu wa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa waliikagua kazi yake, nao wakatoa taarifa ya kumsifu. Hapo akajitahidi kutafuta mtaji wa kununua meli.

Meli aliyoipata haikuwa mpya. Ilikuwa meli ya moshi ya Kiingereza iliyoitwa Eboe. Akaifumua ndani, akaipa kuta za kuzuia joto, akaifungia mitambo yake mitatu, na akaipa jina jipya la Le Frigorifique, maana yake mleta baridi. Neno hilo lilikwenda mbali kuliko meli yenyewe, kwani hata leo katika Ajentina na Urugwai kiwanda cha kuchinja na kugandisha nyama huitwa frigorífico.

Tarehe 20 Septemba 1876 meli hiyo iliondoka Rouen, bandari ya mto Seine. Ndani ya vyumba vyake kulikuwa na nyama ya ng'ombe, ya kondoo na ya ndama, pamoja na kuku. Haikuwa shehena kubwa. Ilikuwa ni ushahidi tu. Njiani walisimama Lisbon, kisha wakaukata ukanda wa joto, mitambo ikiunguruma usiku na mchana. Hebu mfikirie Tellier katika siku zile. Wakati huo habari za meli zilijulikana ifikapo bandarini tu. Akiamka usiku hana wa kumwuliza. Pampu moja ikikwama, bomba moja likipasuka, yote yamekwisha, naye ataambiwa kuwa walionya.

Meli iliwasili Buenos Aires tarehe 25 Desemba 1876, baada ya siku zipatazo mia moja. Milango ilipofunguliwa nyama ilionekana nzima, na mabwana wakubwa wa mji wakaalikwa kuila. Wako walioisifu, na wako waliokunja uso wakidai ina ladha ngeni. Lakini hapakuwa na aliyeweza kukana kwamba nyama iliyochinjwa Ufaransa imeliwa Ajentina miezi mitatu baadaye, haina chumvi, haikukaushwa wala haikutiwa mkebeni. Tangu Mwenyezi Mungu alipomwumba mwanadamu, jambo hilo lilikuwa halijapata kuonekana.

WENGINE WAKALA KIVULINI

Wahenga wetu walisema mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo naipenda, na watoto wangu nimewafundisha. Lakini maisha ya Tellier yananilazimisha niseme kwamba haikumtimilia kila mtu.

Mwaka wa 1877 Le Frigorifique ilirudi Rouen na nyama ya Ajentina. Wenye mali waliotia fedha zao hawakuridhika. Meli ilikuwa ndogo, safari ndefu, gharama ya makaa ya mawe kubwa, na wanunuzi wa Ufaransa walikuwa na shaka na nyama iliyotoka ng'ambo. Wafugaji wa nyumbani nao hawakupenda mgeni huyo sokoni. Kampuni ikavunjika, na mikononi mwa Tellier yakabaki madeni.

Tena palikuwa na kasoro katika njia yake, na haifai kuificha. Tellier alipoza nyama tu, hakuigandisha. Aliamini kuwa nyama iliyogandishwa hupoteza uzuri wake, na katika ladha alikuwa na haki. Lakini kwa safari ndefu, na kwa wafanyabiashara wasiojali ladha sana, kugandisha kulikuwa salama zaidi. Meli ya pili, Paraguay, iliyotumia mitambo ya amonia ya Carré, ilipakia Ajentina kiasi cha tani 80 za nyama ya kondoo, ikaigandisha ikawa ngumu kama jiwe. Njiani ikapata ajali ya kugongana, ikacheleweshwa miezi kadhaa. Hata hivyo ilipofika Le Havre mwaka wa 1878 nyama ilikuwa nzima.

Baada ya hapo Waingereza wakaingia kwa nguvu, maana wao walikuwa na meli, fedha, na mamilioni ya midomo ya kulisha. Meli iliyoitwa Strathleven ilitoka Australia ikafika London mwanzoni mwa mwaka wa 1880 na kiasi cha tani 40. Kisha ikaja safari iliyomaliza ubishi. Tarehe 15 Februari 1882 merikebu ya matanga iliyoitwa Dunedin iliondoka Port Chalmers huko Nyuzilandi na karibu kondoo 5,000 waliochinjwa na kugandishwa. Katika joto la ikweta, nahodha wake, John Whitson, aliona kuwa baridi haienei sawasawa. Akatambaa ndani ya bomba kuu la hewa ili atoboe matundu zaidi, mle ndani akazidiwa na baridi akawa hajiwezi, na mabaharia wakamvuta nje kwa kamba iliyofungwa miguuni mwake. Walifika London baada ya siku 98, na katika shehena nzima ni kondoo mmoja tu aliyekataliwa.

Tangu hapo biashara ikafurika. Katika miaka hiyo hiyo ya 1880 vilijengwa viwanda vya kugandisha nyama kando ya mto Paraná huko Ajentina, vingi vyake kwa mitaji ya Kiingereza. Wafugaji wakatajirika, wenye meli wakatajirika, Buenos Aires ikawa na majumba ya fahari kama ya Paris. Na mtu aliyetangulia kuivusha nyama katika bahari ile alikuwa chumbani mwake Auteuil, akihesabu anadaiwa na nani.

JUA LA AUTEUIL

Mwingine angekata tamaa, au angekwenda mahakamani miaka yote iliyobaki. Tellier aligeukia jua. Katika miaka ya 1880 alitandaza mabati juu ya paa la nyumba yake Auteuil, amonia ikipita ndani yake. Jua likiyapiga mabati, amonia huchemka, na mvuke wake huendesha pampu ya kuteka maji. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kutengeneza baridi sasa alikuwa anaomba kazi kwa jua.

Akaandika kitabu kueleza jinsi nguvu hiyo ingeweza kufaa katika Afrika ya Magharibi. Kitabu kile kina lugha ya wakati wake, wakati ambao watu wa Ulaya walizungumza habari za Afrika kana kwamba ni shamba lisilo na mwenyewe. Hilo simsamehi kwa kuwa tu alikuwa maskini. Lakini nikiona leo mabamba ya jua juu ya misikiti na visima vya nchi yetu, hukumbuka kuwa mzee yule aliyaota mambo hayo zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na safari hii vile vile hakuambulia senti.

HESHIMA ILIYOCHELEWA

Miaka ikapita. Mwaka wa 1908 wataalamu wa baridi wa nchi nyingi walikutana Paris katika mkutano wao wa kwanza wa kimataifa. Wakati huo meli za baridi zilikuwa zikivuka bahari zote, zikibeba nyama, siagi na matunda. Katika mkutano huo alikuwamo mzee wa miaka 80, na wajumbe wakamtukuza kwa jina la Baba wa Baridi. Nadhani wengi wao walishangaa kuona kwamba yuko hai. Walishangaa zaidi walipojua anavyoishi. Nchi zilizoneemeka kwa kazi yake, zikiwemo zile za Amerika ya Kusini, zikaingia katika mchango wa kumsaidia.

Mwaka wa 1910 alitoa kitabu cha kusimulia historia ya uvumbuzi wake. Mwaka wa 1911 taasisi ya wasomi wa Ufaransa ilimpa tuzo, na mwaka wa 1912 serikali ikampa nishani ya Legion of Honour. Ni mambo mazuri, lakini nishani haipikwi chunguni. Msaada ulifika kama mvua inayonyesha baada ya mahindi kukauka. Charles Tellier alifariki Paris tarehe 19 Oktoba 1913, akiwa na umri wa miaka 85, naye alifariki maskini.

Mwaka uliofuata vikaanza Vita Vikuu vya Kwanza. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yakalishwa kwa nyama iliyogandishwa kutoka ng'ambo ya bahari, na serikali ya Ufaransa, ambayo raia wake waliwahi kuikunjia uso nyama ya namna hiyo, ikawa inaagiza maelfu kwa maelfu ya tani. Leo mji wa Condé-sur-Noireau una shule inayoitwa kwa jina lake.

MINA NA KILINDINI

Sasa nirudi kwetu, nisije nikaonekana nimekwenda ng'ambo nikapotelea huko.

Wazee wetu waliokwenda hija zamani walirudi na simulizi moja iliyowaumiza. Baada ya kuchinja Mina, wanyama walikuwa wengi kuliko walaji. Maskini walichukua walichoweza, na katika joto lile nyama iliyosalia iliharibika, ikawa haina budi kufukiwa ardhini. Ibada ilitimia, lakini moyo uliguna, kwani kila mmoja alijua kuna kijiji fulani ambacho watoto wake hawajaonja nyama mwaka mzima. Mwaka wa 1983 Saudi Arabia ilianzisha mradi wa kuifaa nyama ile, ukakabidhiwa Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jeddah. Tangu hapo nyama inayozidi mahitaji ya Haram hugandishwa, ikapelekwa kwa maskini wa nchi nyingine, za Asia na za Afrika, na sehemu yake husafiri baharini ndani ya baridi. Mwana wa Amiens hakuijua Mina, wala hakufikiria sadaka zetu. Hata hivyo kazi yake imo katika bakuli la yatima wa mbali ambaye jina la Tellier hajapata kulisikia.

Na hapa Kilindini, karani wa leo haoni ukungu kama niliouona mimi. Anaona makontena meupe yamechomekwa nyaya za umeme, kila moja na mtambo wake kichwani. Ndani yake mna maparachichi yaliyotoka bara, yamewekwa katika baridi ya digrii chache juu ya sufuri, yasigande wala yasiive kabla ya kufika Ulaya. Ukitazama vizuri utaona kuwa hiyo ndiyo njia ya Tellier mwenyewe, ya kupoza bila kugandisha, aliyoishikilia watu wakamcheka. Katika matunda, na katika nyama bora ya kupozwa inayouzwa ghali, fikira yake imemrudia ushindi.

Lakini mtambo haukuondoa wajibu wa binadamu, bali umeuzidisha. Zamani mnunuzi wa Jeddah alimwona mbuzi akishuka hai kutoka jahazini, akasimama akaona anavyochinjwa. Anayenunua nyama ya baridi haoni kitu. Hajui kisu kilikuwa mkononi mwa nani, wala kama jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa. Hajui pia kama umeme ulizimwa njiani usiku mmoja, nyama ikayeyuka, kisha ikagandishwa upya ili ionekane nzima. Hana ila karatasi yenye muhuri, na ukweli wa watu asiowaona. Mtambo wa Tellier unaweza kulinda nyama isioze, lakini dhamiri ya mtu haina mtambo wake. Hilo nililijifunza siku ile ya harufu, nikimtazama yule mfanyabiashara juu ya nguzo.

Nimefikiri sana juu ya hii methali ya mchumia juani. Nimeona kwamba kosa si la wahenga. Kosa ni letu tunaodhani kwamba kivuli lazima kiwe cha hapa hapa duniani, na kwamba mlaji lazima awe ni yule yule mchumaji. Iko methali nyingine, fupi zaidi, ambayo mabibi zetu walituambia tukiwa tumelala ukumbini: wema hauozi. Naona inamfaa kuliko watu wote bwana huyu aliyeshughulika maisha yake yote na habari ya kuoza na kutooza. Mali yake ilikwisha, kampuni yake ilivunjika, mwili wake umekuwa udongo zaidi ya miaka mia moja sasa. Manufaa yake yangali yanavuka bahari kila siku, mabichi kama siku yalipopakiwa.

Hilo basi ndilo jibu langu, Baba, hata kama limechelewa.